Kiti cha Kipupwe

Karani wa kliniki alifariki Jumanne asubuhi, kati ya mgonjwa namba arobaini na sita na mgonjwa namba arobaini na saba. Arobaini na sita alipewa kadi yake na kuambiwa, "Pole, nenda chumba cha pili." Arobaini na saba alimkuta karani ameegemea ukuta, kalamu mkononi, uso umetulia kama wa mtu anayetafuta neno. Basi akamsubiri alipate. Alisubiri dakika kumi nzima, mama wa watu, mikono mapajani, na baadaye akaeleza kwamba hakuwahi kuona uso wa upole vile ofisini, ndiyo maana hakutaka kuusumbua. Moyo ulikuwa umesimama bila kupiga hodi.

Dada yake alikuwa nyumbani, katika chumba cha mbele walichokigeuza karakana ya ushonaji, anafumua zipu ya suruali ya mtu asiye na subira. Watu walimwita Fundi, basi. Alipoletewa habari alimaliza kwanza kuifumua ile zipu mpaka mwisho, kwa sababu mikono yake ilikuwa haijasikia.

Jumanne zilizofuata alizimudu. Zilizomshinda ni Jumamosi. Kwa miaka sita, kila Jumamosi kabla ya saa tisa alasiri, kaka yake alichungulia kwenye pazia la karakana na kuuliza, "Leo unakuja?" Naye alijibu bila kusimamisha cherehani, "Wiki ijayo, kaka." Karani alitoa kadi mfukoni, akaandika kitu, akaenda zake akipiga mluzi. Alikuwa anakwenda kucheza. Mtu mzima, mvi zimeshaanza kumtembelea, anakwenda kukaa kwenye mabenchi ya wagonjwa baada ya kliniki kufungwa, yeye na wenzake watatu, warushe dadu na kujifanya watu wasiokuwepo. Fundi alikuwa na magauni ya kumaliza. Tena, kusema kweli, aliona haya kwa niaba yake.

Jumamosi ya sita bila mluzi, hodi ikapigwa.

Walikuwa watatu mlangoni, wamebeba sanduku la mbao kama watu wanaorudisha mtoto wa mtu. Mbele alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili, mwembamba, mdomo usiojua kulala, kichwa chake mwenyewe hakina hata unywele mmoja. Nyuma yake mkunga, umri wa mama yake Fundi, mikono mipana na kicheko cha kutikisa vyombo kabatini. Wa mwisho mwalimu wa hesabu, dada kijana mwenye miwani, penseli imechomekwa kwenye nywele.

"Dada, shikamoo ya kuomba radhi," kinyozi akaanza. "Tumekuja na jambo la aibu."

"Aibu yako wewe," mkunga akamkata. "Mimi nimezalisha nusu ya mtaa huu, aibu niliiacha wodini. Mwanangu, hujambo? Tuna shida, na shida yenyewe inaisha leo saa kumi na moja."

Fundi akawakaribisha. Wakakaa juu ya mafurushi ya vitambaa, na mwalimu akaeleza, kwa vidole, kama anayeeleza sehemu za desimali.

Mchezo ule karani aliutunga mwenyewe. Katika mchezo kuna nchi inaitwa Ng'ambo, na wenyeji wake wanaitwa Wazuri. Si wazuri hata chembe. Wanaitwa hivyo kwa sababu ndivyo wanavyotaka kuitwa, na wana masikio marefu. Wazuri huiba watu wa kawaida, wakawatumikisha miaka na miaka, mmoja akiwa taa, mwingine akiwa ngazi. Wachache hutoroka. Hao ndio Waliorudi, na hakuna aliyerudi mzima: kila mmoja ana alama. Kinyozi kwenye mchezo ana nywele za majani makavu zinazoshika moto akikasirika.

"Angalau huko ninazo," kinyozi akasema.

Mkunga anavuja maji viwikoni. Mwalimu kivuli chake hufika mahali kabla yake. Ili wasikamatwe tena, Waliorudi wamejigawa koo nne, kila ukoo na majira yake. Kiangazi, ukoo wa kinyozi, wanasema wakiwa wamesimama na hawakatai changamoto. Masika, ukoo wa mkunga, wanaingia kwa kishindo na kila neno lao lazima lizidi sauti ya aliyetangulia. Vuli, ukoo wa mwalimu, wanaruhusiwa kudanganya mara moja kila kikao. Wa nne ni Kipupwe. Majira yakibadilika, ukoo mmoja unaukabidhi mwingine Fimbo ya Majira, na ule unaoshika fimbo ndio unaowaficha wote wasionekane na Wazuri.

"Leo Masika wanamkabidhi Kipupwe," mwalimu akasema. "Na kiti cha Kipupwe alikuwa anakishika karani, pamoja na kusimulia. Sasa ni kitupu."

"Si mmuweke mtu mwingine?"

"Mimi nilisema tuweke kofia," kinyozi akasema.

"Kofia haina mkono," mwalimu akasema. "Imeandikwa, apokee kwa mkono."

"Na asipopokea mtu?"

Mkunga akashusha sauti, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Tunarudi Ng'ambo sote, mwanangu. Mchezo umekwisha. Hauanzwi tena. Ameandika mwenyewe, ukurasa wa tatu, wino mwekundu."

"Ikateni kwa mstari basi. Nani atawashtaki?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akafungua daftari, akamwonyesha. Zile herufi zilizolala upande kama watu kwenye upepo, zile zile zilizoandika majina ya wagonjwa wa mtaa mzima. Fundi akaelewa kwa nini hakuna aliyethubutu kuupitisha mstari. Hata yeye asingeweza. Na akaelewa jambo la pili: kwamba ikifika saa kumi na moja na kiti kitupu, dunia aliyoizua kaka yake miaka sita itazimika kwa kanuni ya kaka yake mwenyewe, naye atakuwa hajaiona hata mara moja.

"Kwa hiyo tumefikiria," kinyozi akasema, "kama una nafasi leo..."

"Wiki ija—" Fundi akaanza, kwa mazoea. Akasimama, akaondoa mkasi, chaki na mguu wa suruali kwenye meza ya kukatia. "Vuteni meza," akasema. "Upande huo una mguu mbovu, msiuegemee."

Mwalimu akampa kanuni ya kiti chake. Ilikuwa moja tu. Mtu wa Kipupwe ana kauli tatu kwa kikao kizima. Lakini kauli ya Kipupwe hairushiwi dadu. Akishasema, imekuwa, Ng'ambo na nchi kavu zinatii, hata Wazuri wenyewe. "Kwa hiyo usiropoke," mwalimu akasema. "Karani alikuwa anaweza kukaa saa mbili bila kauli hata moja. Nikigonga dadu mezani, tumeanza."

Akagonga. Mkunga akafungua sanduku, na kwa heshima zote, kwa mikono miwili, akaitoa Fimbo ya Majira.

"Hiyo ni rula yangu!" Fundi akapiga kelele.

Ilikuwa yake. Rula ya mbao ya mita moja, ncha imeungua kidogo kwa pasi, aliyoitafuta miaka sita mpaka akamgombeza jirani. Kisha mwalimu akachomoa penseli kichwani na kuandika. "Kauli ya kwanza," akasema. "Fimbo ya Majira ni mali ya Kipupwe tangu leo na daima."

"Haiwezekani!" kinyozi akaruka juu. "Kiangazi tumemwaga damu kwa ajili ya fimbo ile!"

"Imekuwa."

"Damu ya mwaka mzima!"

"IMEKUWA!" mkunga akanguruma, kwa sababu Masika lazima wazidi sauti, kisha akacheka mpaka vishikizo vikaruka mezani.

Fundi akavitazama vile vishikizo. Ndivyo vilivyokuwa watu wa mchezo. Kinyozi alikuwa kishikizo chekundu cha koti. Mkunga, kile kikubwa cha buluu. Mwalimu, cha shati, chenye matundu manne. Vyake vyote! Akaangalia sandukuni: utepe wa kupimia uliopotea ulikuwa mto. Pini zake zilikuwa majeshi ya Wazuri, zimechomekwa kwenye kimto chake cha kuchomekea sindano, ambacho kilikuwa mlima. Uzi wa dhahabu, ule wa bei mbaya, ulikuwa ukuta wa mji. Fundi akafumbua mdomo, akakumbuka, akaufumba. Akaonyesha kwa kidole, macho yamemtoka pima. Akaonyesha mlima. Akaonyesha mto. Akajipiga kifuani.

"Anasema nini?" kinyozi akauliza.

"Anasema kaka yake alikuwa mwizi," mkunga akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Hicho ndicho anachosema."

Fundi akaitikia kwa kichwa kwa nguvu: ndiyo, ndiyo, mwizi!

"Shika na hii," mwalimu akasema. "Ni kadi ya kiti chako. Sisi tulidhani ni mtu wake wa kubuni."

Ilikuwa kadi ya wagonjwa ya kliniki, ile ya kaki. *Jina: Fundi. Umri: hapendi kuulizwa. Ukoo: Kipupwe. Alama: sindano hazimchomi.* Chini yake palipoandikwa "tarehe ya kurudi", palikuwa na mistari: wiki ijayo. Wiki ijayo. Wiki ijayo. Nyuma ya kadi vile vile. Kadi ilipojaa ilibanwa nyingine nyuma yake, na nyingine, mpaka ikawa nene kama mkate. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumamosi kabla ya ile Jumanne.

Fundi alijifuta uso kwa kitambaa kilichokuwa karibu, na kumbe ulikuwa ule mguu wa suruali wa mtu asiye na subira, na mkunga alipouona mguu wa suruali unapangusa kamasi akaanza upya kucheka, akamwambukiza, na wakacheka wote wawili wameshikana mabega kama walevi.

"Tuna saa moja na nusu," mwalimu akasema. "Na tumenasa."

Walikuwa wamenasa tangu karani yu hai. Akatandaza ramani, karatasi kubwa ya kaki iliyokunjuliwa mara nyingi, imechorwa misitu, mashimo, vijiji vyenye majina ya kuchekesha. Mji wao ulikuwa ukingoni. Mlango wa kutokea, ambako safari hii fimbo lazima ikabidhiwe, ulikuwa pia ukingoni, juu kidogo. Katikati, Bonde la Nukta, pembe tatu ndefu iliyozungukwa na mistari ya nukta. Kulizunguka ilikuwa mbali mno. Kulivuka hakuna aliyeweza. Mwaka mzima wamejaribu kwa kamba, kwa ngazi, kwa puto la kitambaa. Na sasa Wazuri wanakuja nyuma. Jumamosi ya mwisho karani aliwaacha hapo, akakusanya dadu zake akitabasamu. Walipomlilia awape dokezo, alisema tu, "Njia ipo. Anayeijua hajafika."

Mwalimu akaanza kusoma daftari: farasi wa Wazuri wasio na vichwa, wanaovuta harufu ya majina ya watu. Kinyozi alikuwa keshapanda juu ya furushi kuwachokoza. "Njooni! Nitawanyoa wote, hata msio na vichwa!" Mkunga akimjibu kwa sauti ya kupasua bati. Mwalimu akarusha dadu, akapata moja. Akarusha tena, moja. Pini zikasogea. Kelele ikawa kelele. Na hapo dirishani kikatokea kichwa cha mteja.

"Fundi, samahani, gauni langu limekuwa tayari?"

"Subiri kwanza, nakuja!"

Mwalimu akaiweka dadu chini polepole. "Kauli ya pili," akasema. "Amesema: subiri."

Wakatazamana. Kisha kinyozi, bado yuko juu ya furushi, akanyanyua mguu mmoja na kuganda, kama farasi wa Wazuri aliyeamriwa asimame katikati ya mruko. "Wamesubiri," akasema kwa pembe ya mdomo. "Jeshi zima. Wamesimama kwa mguu mmoja."

"Na mimi niendelee kusubiri?" mteja akauliza dirishani.

"Ingia ndani, mama, usubiri ukiwa umekaa," mkunga akasema.

Mama akaingia, akakaa, mikono mapajani, macho yakirandaranda juu ya pini na vishikizo. Fundi alimjua mikono kabla ya uso. Ndiye arobaini na saba mwenyewe, aliyekaa vile vile msibani akimsimulia zile dakika kumi. Kusubiri alikuwa na kipaji nako.

Sasa imebaki kauli moja, na saa ya ukutani inasema kumi na nusu. Mwalimu akatoa penseli. "Wazuri watasubiri mpaka majira yabadilike, si zaidi. Siku arobaini na nne za njia, kwa mwendo wa siku mbili kwa kila dadu..." Akagonga namba iliyoandikwa pembeni mwa ramani, 44, imezungushiwa duara. Miaka miwili alikuwa akiipigia hesabu namba ile.

Fundi akaisogelea karatasi. Alikuwa anaitazama misitu, na misitu ilikuwa mizuri, kila mti umechorwa na majani yake. Lakini mkono wake ulikwenda kwenye ukingo, ukaupapasa, kwa sababu ukingo ule aliujua. Aliukata mwenyewe. Ule mviringo haukuwa ghuba ya bahari, lilikuwa kwapa. Lile jabali la juu lilikuwa bega. Na ile pembe tatu ya nukta...

Kaka yake alizoea kukaa pale pale, kwenye furushi alilokuwa amepanda kinyozi, anakunywa chai na kumchungulia akikata. "Na hizi nukta ni za nini?" Naye alimjibu kila mara, pini midomoni, "Kaka, mara ngapi nikwambie?" Akamwambia. Wiki nyingine akauliza tena, kwa uso wa mtu anayesikia mara ya kwanza, na yeye akamwambia tena.

Akashusha pumzi. Akachukua pini mbili kutoka jeshi la Wazuri.

"Hapa," akasema, "panakunjwa."

Akaushika mstari wa chini wa nukta, ule uliokuwa na mji na vishikizo vyao vitatu, akaulaza juu ya mstari wa juu, nukta juu ya nukta. Bonde lote likaingia ndani, likamezwa, halionekani tena. Mji ukatua juu ya Mlango kama sufuria na kifuniko chake. Akachomeka pini ya kwanza, ya pili, na karatasi ikainuka kidogo katikati, imepata umbo.

Kisha kinyozi akaanguka kutoka kwenye furushi.

"TUMETOKA!" mkunga akanguruma. "TUMETOKA, JAMANI!"

Mwalimu, mtu wa kanuni, alikuwa anarukaruka ameshika miwani. Kinyozi alikuwa sakafuni anapiga miguu. Arobaini na saba alipiga makofi kwa nguvu bila kujua anayapigia nini. Meza ilikwenda upande wa mguu mbovu, mlima ukabiringika, majeshi yote ya Wazuri yakamwagika chini. Zikiwa zimebaki dakika nne, mkunga aliinua rula kwa mikono miwili, maji ya kweli yakimtoka, si ya viwikoni, akasema, "Masika tumenyesha tukamaliza. Kipupwe, pokea." Fundi akapokea kwa mkono. Mwalimu akagonga dadu: kikao kimekwisha.

"Sasa naweza kusema?" Fundi akauliza.

"Sema mpaka uchoke."

"Hii si nchi. Hiki ni kipande cha mbele cha blauzi. Nilikosea kwapa nikakitupa. Hapo ni mkunjo wa kifuani. Na hii arobaini na nne si siku, mwalimu, ni inchi." Akasita, akamtazama mkunga. "Ile blauzi yako ya kijani, mama."

Mkunga akaitazama ramani. Akajitazama. "Yaani miaka miwili," akasema taratibu, "mnatembea kwenye kifua changu?"

"Na puto tulipitisha," kinyozi akasema kutoka sakafuni, na ikawa hakuna wa kumsaidia mwenzake tena. Mwalimu alicheka mpaka akalia juu ya hesabu zake. Fundi alicheka kwa tumbo, kwa mabega, kicheko ambacho kwa wiki sita alidhani kimezikwa pamoja na kaka yake.

Walipotulia, arobaini na saba akainua mkono kama aliye kliniki. "Samahani. Hizo koo, kuna yenye nafasi?"

"Vuli tuko wachache," mwalimu akasema. "Unajua kudanganya?"

"Sijui."

"Tayari umeanza vizuri."

Gauni lake lilikuwa halijakamilika. Alisema atasubiri.

Daftari limebaki kurasa nyingi tupu, na wanasimulia kwa zamu; kinyozi anatia chumvi kupita kiasi, mwalimu anaweka sehemu za desimali. Kwenye kadi nene ya kaki, chini ya mstari wa mwisho, Fundi ameandika "amefika" na tarehe.

Sasa ni majira ya Kipupwe. Jumatatu mpaka Ijumaa anapimia vitambaa kwa ile rula. Jumamosi, saa tisa kasorobo, anaifuta chaki na kuiweka mezani.